Rusizi I: hali ya nyumbani huingia darasani kabla ya kengele

Asubuhi na mapema katika mpaka wa Rusizi I, sare humtambulisha mtoto kabla hajafungua kinywa. Shati jeupe na sketi au suruali ya buluu iliyoiva: huyo anasoma upande wa Kongo. Kaki kwa mvulana na gauni la buluu kwa msichana: hiyo ni sare ya miaka mingi ya shule za msingi za Rwanda, ingawa siku hizi shule nyingi zimejichagulia rangi zao. Katikati ya rangi hizo hupita akina mama waliojitwika nyanya, vitunguu, mayai na maziwa, wakienda kuwahi wateja wa Bukavu. Baadhi ya watoto wenye sare ni watoto wa mama hao hao. Mauzo ya siku yakienda vizuri, daftari hupatikana. Yakienda vibaya, mtoto hungoja.

Rusizi I inayozungumzwa hapa isichanganywe na bwawa la umeme lenye jina hilo, lililojengwa mtoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Hiki ni kivuko cha watu, karibu na mahali maji ya Ziwa Kivu yanapoanza safari ya kuteremkia Tanganyika. Malori makubwa hupitia Rusizi II. Rusizi I imebaki zaidi kuwa njia ya watembea kwa miguu na wafanyabiashara wadogo. Upande mmoja kuna Cyangugu na Kamembe, katika wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Upande wa pili kuna Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini. Ndugu wamegawanyika pande zote mbili, pesa za nchi zote mbili hupita mikononi, na watu husalimiana kwa Kiswahili hata kabla karani wa uhamiaji hajagonga muhuri.

Mwalimu wa huku anayejiuliza kwa nini madawati ya nyuma yana nafasi siku fulani za wiki, mara nyingi angepata jibu mpakani haraka kuliko kwenye daftari la mahudhurio.

Kila shule ina kanuni zilizoandikwa na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Ina pia kanuni ambazo hazijaandikwa popote, nazo ndizo zenye nguvu zaidi: nani huulizwa swali na nani husahauliwa, aliyechelewa hupokewa vipi, mzazi akija huketishwa wapi, ni lugha gani inayochekwa, na ni kosa gani linaloitwa utovu wa nidhamu. Huo ndio utamaduni wa shule. Mtoto aliyelelewa na mwalimu au mfanyakazi wa ofisi huingia ndani yake kama anayeingia sebuleni kwao. Mtoto wa mchuuzi wa mpakani huingia kama mgeni, na hakuna anayemweleza viatu vinavuliwa wapi.

Saa ya mpaka na saa ya shule

Biashara ndogo ya Rusizi I huanza alfajiri. Anayewahi kuvuka ndiye anayewahi wateja, na mboga zilizochumwa jana hazimsubiri mtu. Kwa hiyo mama huondoka nyumbani kukiwa bado giza. Anayebaki kuwasha moto, kuwaogesha wadogo na kufunga mlango ni mtoto mkubwa wa nyumba, na katika nyumba nyingi mtoto mkubwa maana yake ni binti, hata kama kuna kaka anayemzidi umri. Kukiwa na mtoto mchanga, mama ana njia chache: avuke naye mgongoni juani, amwache kwa jirani, au amwachie binti huyo. Katika baadhi ya maeneo ya mipakani nchini Rwanda vimeanzishwa vituo vya kulelea watoto wa akina mama wafanyabiashara, na kila nafasi moja inayopatikana humo humrudisha mwanafunzi mmoja darasani, ingawa hakuna anayeihesabu katika bajeti ya elimu.

Binti huyo akifika shuleni amechelewa, daftari la nidhamu huandika neno moja: uchelewaji. Akisinzia saa nne, huandikwa mvivu. Asipomaliza kazi ya nyumbani, ni mzembe. Maneno yote matatu yanataja tabia ya mtoto, ilhali kilichotokea ni ratiba ya familia. Mwalimu si mtu mbaya. Ana wanafunzi wengi mbele yake, na daftari la nidhamu halina safu ya kuandika kwamba mama alivuka saa kumi na moja. Lakini baada ya muhula mmoja wa kuitwa mvivu, mtoto huanza kuamini. Hapo kazi imeshaharibika, kwani kumrudisha mtoto aliyekwisha kujiona hafai ni vigumu kuliko kumfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili.

Serikali ya Rwanda iliwahi kugusa jambo hili kwa mlango mwingine. Kuanzia Januari 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Sababu zilizotolewa zilihusu usingizi wa watoto na muda wa wazazi kuwaandaa. Kwa familia za mpakani mabadiliko hayo yalikuwa na sura mbili. Asubuhi ilipata pumzi: binti aliyekuwa akikimbia sasa anaweza kutembea. Jioni ilibanwa: mtoto anayetoka saa kumi na moja hana tena saa za kumsaidia mama kupokea mzigo, na katika vilima vya Rusizi giza likiingia njia ya kurudi nyumbani ni ndefu. Sera moja, saa moja, nyumba mbili tofauti.

Wapo pia wavulana. Mpakani huwa kuna mzigo wa kubeba, na mzigo hulipwa papo hapo. Mvulana wa miaka kumi na minne anayepata sarafu kila anapovusha gunia hahitaji kuelezwa thamani ya pesa. Anahitaji kuelezwa thamani ya kungoja miaka sita ili apate cheti. Wengine huanza kwa siku moja ya Jumamosi, kisha Ijumaa alasiri, kisha wiki nzima. Wakubwa zaidi huwaonyesha njia za panya, ambako mzigo ni mwepesi, malipo ni makubwa, na polisi wakitokea hakuna wa kumtetea mtoto. Ukimwita mvulana huyo mtoro, hujasema uongo. Ila hujasema lolote litakalomrudisha.

Janga la korona lilionyesha jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Machi 2020 shule za Rwanda zilifungwa, na siku chache baadaye mipaka nayo ikafungwa. Mama aliyekuwa akiishi kwa faida ya kila siku alikula faida, kisha akala mtaji. Shule zilipoanza kufunguliwa kwa awamu Novemba mwaka huo, mlango ulikuwa wazi, lakini biashara iliyokuwa ikinunua madaftari ilikuwa imekwisha. Na hata baada ya korona, kila uhusiano wa Kigali na Kinshasa unapochafuka, wanaohisi kwanza ni hawa wa Rusizi I: saa za kuvuka hubadilika, foleni huwa ndefu, na mwisho wa wiki mwalimu hushangaa kwa nini watoto watano hawajaleta kalamu.

Usawa wa nje

Mgeni anayetembelea shule ya serikali nchini Rwanda hugundua haraka jinsi watoto wanavyofanana. Nywele fupi kwa wote, wavulana kwa wasichana. Sare moja. Hakuna hereni, hakuna nywele za kusukwa. Wengine huona ukali; lakini nchi hii ina sababu zake, na hazifai kupitwa haraka.

Kabla ya 1994, shule ya Rwanda ilikuwa mahali pa kuhesabiwa. Walimu waliwasimamisha watoto darasani kwa kabila, na nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mafungu ya kabila na ya mkoa. Watoto wengi walijua kwa mara ya kwanza shuleni, mbele ya wenzao, kwamba wao ni kundi fulani. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, taifa liliamua kwamba mtoto asiulizwe tena anatoka wapi. Mitihani ya taifa ikawa ndiyo mizani ya kuingia sekondari. Kufanana kwa nje kukawa sehemu ya kuponya.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini umeacha mazoea fulani: shule iliyojifunza kutouliza kabila imejifunza pia kutouliza kama mtoto amekula. Tofauti za pato hazikufutwa na sare, zilihamia mahali padogo zaidi. Watoto wenyewe huziona mara moja. Viatu vya ngozi na viatu vya plastiki. Begi na mfuko wa sandarusi. Sare iliyonunuliwa mwaka huu na sare iliyorithiwa kwa dada, iliyopauka mabegani. Nani ana kalamu mbili na nani huazima. Hata makundi ya ubudehe, yaliyowekwa na nchi kupanga kaya kwa hali zao ili misaada iwafikie wanaostahili, yalijulikana vizuri na watoto; mtoto aliyeitwa ofisini kupokea madaftari ya msaada mbele ya wenzake alirudi na madaftari na aibu kwa pamoja. Mwalimu mwenye busara huyagawa baada ya saa za masomo. Jambo dogo, lisilogharimu faranga hata moja, na ndilo utamaduni wa shule wenyewe.

Mgawanyiko mkubwa zaidi haumo ndani ya darasa, umo kati ya shule na shule. Rwanda ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2003, ikaanzisha elimu ya msingi ya miaka tisa mwaka 2009, kisha ikaifikisha miaka kumi na miwili kuanzia 2012. Shule za kutwa zilijengwa kila upande kwa nguvu za wananchi na serikali. Ni hatua ambayo majirani wengi wa jumuiya waliitazama kwa wivu. Lakini vijana, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, walianza kuziita shule hizo "nine", na jina hilo halikuwa sifa. Anayepata alama za juu katika mtihani wa taifa huenda shule ya bweni. Anayepata za kawaida hubaki "nine" ya karibu na nyumbani. Na nani hupata alama za juu? Mara nyingi ni aliyesoma shule ya msingi ya binafsi, aliyelipiwa masomo ya ziada, aliyekuwa na meza na taa.

Hata akizipata alama hizo mtoto wa mchuuzi, bado kuna hesabu ya pili. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu iliweka viwango sawa nchini: faranga 19,500 kwa muhula kwa mwanafunzi wa sekondari wa kutwa, na faranga 85,000 kwa wa bweni. Viwango hivyo viliwaokoa wazazi wengi waliokuwa wakitozwa zaidi. Lakini zaidi ya mara nne bado ni zaidi ya mara nne. Bado hujahesabu godoro, ndoo, sabuni na nauli. Mtoto wa Rusizi aliyefaulu kwenda bweni la mbali anaweza kuripoti wiki tatu baadaye, au asiripoti kabisa akajiunga na "nine" ya jirani, na hakuna takwimu ya matokeo ya mtihani itakayomhesabu kama aliyeshindwa.

Sufuria

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwa miaka mingi shule nyingi ziliendeshwa kana kwamba watoto wote wana shibe. Mchana wengine walikwenda nyumbani kula, wengine walikwenda kuzunguka mtaani hadi kengele ya alasiri. Mpango wa chakula ulipoanza katika sekondari za kutwa, michango ilitegemea wazazi, na katika baadhi ya shule asiyelipa hakula. Alisubiri nje akisikia sahani.

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021/22 mpango huo ulipanuliwa hadi shule za awali na za msingi za umma na zile zinazosaidiwa na serikali. Mwaka 2022 mchango wa mzazi wa shule ya msingi uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula, sehemu kubwa iliyobaki ikibebwa na serikali. Ukizigawa kwa siku za masomo, ni kama faranga 15 kwa siku.

Katika yote yaliyofanywa kupunguza uzito wa hali ya nyumbani shuleni, hakuna lililofanya kazi kwa ukimya na upesi kama sufuria hii ya mahindi na maharage. Sare huficha tofauti. Chakula huiondoa kwa saa chache. Mtoto wa karani na mtoto wa mbeba mizigo hula kitu kimoja, kwa wakati mmoja, kwa kijiko cha aina moja. Mama anayevuka mpaka alfajiri hajiulizi tena binti atapika nini saa sita. Na binti mwenyewe ana sababu ya kubaki alasiri, ambayo ilikuwa saa ya kutoroka.

Sufuria nayo ina matatizo yake. Kuni ni ghali. Bei za vyakula zilipanda baada ya 2022 huku mchango ukibaki pale pale. Wapo wazazi ambao hata faranga 975 hazipatikani kwa wakati, hasa wenye watoto wanne au watano. Hapo ndipo utamaduni wa shule hupimwa kweli: je, jina la asiyelipa husomwa mbele ya mstari asubuhi, au mzazi huitwa kimya na kuruhusiwa kuleta kuni, maharage au siku moja ya kazi ya mikono? Shule mbili zenye bajeti sawa, katika kata moja, zinaweza kujibu tofauti kabisa.

Lugha anayokuja nayo mtoto

Kwa mtoto wa mpakani, umaskini mara nyingi hukutana na lugha. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, na mwishoni mwa 2019 ikatangaza kwamba Kiingereza kitaanza darasa la kwanza. Wazazi wengi wa Rusizi waliosoma kidogo, hawakusoma kwa Kiingereza. Mama aliyemaliza darasa la sita miaka ya 1980 anaweza kuandika hesabu za biashara yake bila kosa, lakini daftari la mwanawe halimfungukii. Familia yenye uwezo humlipa mwalimu wa jioni. Familia isiyo na uwezo humwambia mtoto asome, basi.

Kwenye kisiwa cha Nkombo, katika wilaya hiyo hiyo, watoto wa wavuvi hulelewa kwa Kihavu, lugha iliyo karibu na za ng'ambo ya ziwa. Wao huanza na Kinyarwanda kama lugha ya pili, kisha Kiingereza kama ya tatu. Mwalimu mgeni kutoka Kigali akiona mtoto wa Nkombo hajibu, anaweza kudhani hajui. Huenda anatafsiri mara mbili kichwani, na kengele inalia kabla hajamaliza.

Na Kiswahili? Hapa kuna kioja ambacho wasomaji wa gazeti hili watakielewa. Mtoto wa Kamembe aliyekulia sokoni hujadiliana bei kwa Kiswahili na Mkongo, Mrundi na Mtanzania bila kutafuta neno. Ni lugha ya jumuiya nzima, na tangu Februari 2017, bunge lilipopitisha sheria, ni lugha rasmi ya Rwanda. Hufundishwa sekondari kama somo. Lakini kwa miongo mingi Kiswahili nchini Rwanda kilionekana lugha ya masoko, ya kambi na ya wajanja wa mjini, na harufu ya dharau hiyo haijaisha katika vyumba vya walimu. Mtoto aliyeingia shuleni na Kiswahili kizuri ameingia na mali. Shule haina kisanduku cha kuiandika hadi afike sekondari, na wengi wa aina yake hawafiki.

Wanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliandika mwaka 1970 kwamba shule huwatuza watoto kwa mambo ambayo haikuwafundisha, yaani yale waliyokuja nayo kutoka nyumbani, kisha ikayaita vipaji. Bukavu kuna shule mbili zinazoheshimiwa tangu zamani, chuo cha Wajesuiti cha Alfajiri kilichoanzishwa 1938 na Lisee Wima ya wasichana. Majina yote mawili ni ya Kiswahili. Masomo yake ni ya Kifaransa.

Ng'ambo ya daraja

Yasichukuliwe haya kuwa ya Rwanda pekee. Katika katiba ya mwaka 2006 Kongo iliahidi elimu ya msingi bila malipo, na utekelezaji ulianza Septemba 2019 chini ya Rais Félix Tshisekedi. Hadi wakati huo wazazi walikuwa wakilipa sehemu ya posho ya walimu mbali na minervali, na mtoto aliyechelewesha malipo alirudishwa nyumbani katikati ya somo. Ada ilipofutwa, watoto walifurika. Madarasa yalijaa hadi mlangoni, walimu wengi wapya wakabaki nje ya orodha ya mishahara ya serikali, na migomo ikawa sehemu ya kalenda ya Kivu Kusini. Mzazi mwenye dola alimhamishia mwanawe shule ya binafsi. Asiye nazo alimwacha palepale, kwenye benchi la watoto watano. Bure ilifungua lango, kisha ikawagawa waliomo upya.

Ndivyo ilivyokuwa Uganda mwaka 1997, Kenya 2003 na Burundi 2005. Kila mara ada ilipoondolewa, waliokuwa nje waliingia kwa wingi, na waliokuwa na uwezo walitafuta mlango mwingine.

Mwalimu anaweza kuuliza: kama nyumbani ndiko kunakoamua, shule ya Mururu itafanya nini? Jibu moja limetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ripoti ya James Coleman nchini Marekani ilisema hali ya familia huathiri matokeo ya mtoto kuliko vifaa vya shule, na dunia ikaipokea kama sheria. Miaka kumi baadaye Mmarekani mwingine, Stephen Heyneman, alichapisha utafiti alioufanya katika shule za msingi za Uganda, na picha ilikuwa tofauti: pale, ubora wa shule na mwalimu ulikuwa na uzito kuliko pato la nyumbani. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 wakaona jambo hilo hilo: kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo shule yenyewe ilivyokuwa na nguvu zaidi kwa mtoto. Kitabu kimoja cha kiada, mwalimu mmoja anayefika kila siku, vilibadilisha mengi.

Watafiti waliorudia zoezi hilo mwaka 2002 kwa takwimu mpya waliona tofauti hiyo imefifia. Shule zilikuwa zimeenea, na nyumbani kukaanza kuwa na uzito hata katika nchi maskini. Hili halipingi Heyneman. Linaonya tu kwamba kujenga madarasa, jambo ambalo Rwanda imelifanya kwa kasi, zaidi ya 22,000 kuanzia mwaka 2020, humwingiza mtoto ndani. Kinachomkuta akiwa ndani ni suala jingine.

Na mwalimu pia ana nyumbani kwake. Agosti 2022 mishahara ya walimu wa msingi Rwanda iliongezwa kwa asilimia 88, baada ya miaka mingi ya walimu kuuza vocha na kulima jioni. Mwalimu anayetembea saa moja kufika kazini akiwa na njaa hana subira ya kumuuliza mtoto kwa nini amechelewa. Anayelipwa vizuri kidogo huenda akauliza.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya elimu vya wenzao. Kongo ilikamilisha uanachama wake Julai 2022. Vyuo vikuu vina baraza lao la kulinganisha shahada. Mtoto wa darasa la nne hana baraza. Akihama Bukavu kwenda Kamembe kwa sababu mama amepata kibanda huku, hufika na karatasi ya matokeo ya Kifaransa mbele ya mwalimu mkuu mwenye vitabu vya Kiingereza. Njia rahisi kwa shule ni kumrudisha darasa la pili. Akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, ataketi na wa miaka minane, atamaliza shule ya msingi akiwa na miaka kumi na sita, iwapo atamaliza, na wakati huo nyumbani kutakuwa na mtoto mwingine mchanga wa kubaki naye. Hesabu ya kugawanya aliijua tangu Bukavu. Alichokosa ni Kiingereza cha kuisemea.